SOMO LA AFYA: Kabla Hujachomwa Sindano za Kichina



Katika mikutano ya matawi, kwenye mashamba ya miwa na ya chai na hata katika viwanda vya nguo, swali moja limekuwa likirudi: je, ni kweli kwamba sindano za Kichina huponya mgongo? Wengine hawaulizi tena, wamekwisha kwenda. Baadhi yao wamerudi wakizisifu, na baadhi wanasema walitupa fedha zao. Somo hili ni kwa ajili ya yule ambaye bado hajaenda na anafikiria kwenda.

Tuanze na kisa kilichotufanya tuandike. Mwenzetu mmoja, mpakizi katika ghala la sukari, aliteleza kwenye ubao wa kupandia lori akiwa na gunia begani. Hakuanguka. Alilishikilia gunia akalifikisha juu, lakini tangu saa ile alisikia kitu kama kisu kiunoni. Hakwenda zahanati, kwa sababu aliogopa kuambiwa apumzike na kukosa malipo ya saa za ziada. Hakumwambia mnyapara aandike katika daftari la ajali. Katibu wa tawi, ambaye ni mmoja wetu sisi tunaoandika somo hili, alimwambia kwa nia njema kabisa: "Nenda mjini kwa yule mtabibu wa sindano, shemeji yangu alipona pale." Akaenda. Baada ya kuchomwa mara tatu maumivu yalipungua, naye akarudi kubeba. Miezi minne baadaye mguu wa kushoto ulianza kufa ganzi, na kuinama kukawa hakuwezekani. Tulipoingia ofisini kudai fidia tuliulizwa: ajali ipi? Iliandikwa wapi? Daktari gani alimwona siku ile? Mkononi tulikuwa na risiti za mtabibu tu, zilizoandikwa kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule. Tulishindwa.

Hatusemi kwamba sindano ndizo zilizomharibu mgongo. Huenda zilimsaidia kweli kwa majuma yale. Kosa letu lilikuwa kumpeleka kwenye sindano kabla ya kumpeleka kwa daktari na kabla ya kuandikisha ajali. Kwa hiyo tumejifunza juu ya matibabu haya, tumeuliza wanaoyajua, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Sindano hizi ni za namna gani

Matibabu haya huitwa akupancha. Mtabibu huchoma sindano nyembamba katika sehemu fulani za mwili, huziacha kwa muda, kisha huzitoa. Sindano ya zahanati ina tundu katikati ili dawa ipite. Hii haina tundu wala haina dawa ndani yake. Unene wake kwa kawaida ni kama robo ya milimita, hali sindano ya kuchomea dawa kwenye msuli hufikia milimita 0.6 au 0.8. Basi anayeogopa akupancha kwa kukumbuka sindano za malaria za utotoni analinganisha vitu viwili tofauti.

Wachina wana vitabu vya tiba hii vyenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Vitabu hivyo vinafundisha kwamba mwilini mna nguvu iitwayo chi, ambayo hupita katika njia zake kama maji mferejini, na kwamba ugonjwa huja njia hizo zinapoziba. Madaktari waliopasua na kuchunguza mwili wa binadamu hawajaziona njia hizo. Walichokiona ni neva, yaani mishipa ya fahamu, na imeonekana kwamba neva zikichokozwa kwa sindano, ubongo hutoa vitu vinavyopunguza maumivu. Hiyo ni sehemu ya maelezo, wala haijamaliza mjadala. Mgonjwa halazimiki kuamini habari za chi ili apate nafuu, na mtabibu akizieleza asimcheke. Ndivyo alivyofundishwa.

Wala si kweli kwamba Wachina wenyewe waliiheshimu tiba hii siku zote. Mwaka 1822 mfalme wao aliamuru iondolewe katika chuo cha tiba cha ikulu. Ilirudishiwa heshima na serikali baada ya mwaka 1949, wakati nchi ilikuwa na madaktari wachache mno na watu wengi mno vijijini, na wale wahudumu wa afya wa vijiji walioitwa madaktari wa miguu mitupu walifundishwa kuitumia kwa sababu sindano ni rahisi kubeba na bei yake ni ndogo.

Kwetu ilikuja pamoja na madaktari wa serikali ya China. Kundi la kwanza la madaktari hao kuja Afrika lilifika Algeria mwaka 1963. Tanzania bara iliwapokea mwaka 1968, na Uganda mwaka 1983, walipowekwa katika hospitali ya Jinja. Wazee waliofanya kazi katika viwanda vya Jinja miaka ile wanawakumbuka vizuri. Tangu mwaka 2012 kazi yao imekuwa katika hospitali ya Naguru, Kampala, iliyojengwa kwa msaada wa China. Hao ni madaktari waliosoma na kutumwa na serikali yao. Lakini siku hizi liko kundi jingine: watu waliofungua vyumba mijini, wengine wakiwa na elimu nzuri, wengine wakiwa wamejifunza kwa majuma machache, na wengine hatujui walijifunza wapi. Kibao cha mlangoni hakitakuonyesha tofauti. Mwaka 2019 Uganda ilitunga sheria ya tiba asilia na tiba mbadala, inayotaka watabibu wa namna hii waandikishwe. Mtabibu wa kweli hatakasirika ukimwuliza cheti chake.

Usistaajabu vilevile ukiona vikombe vya kioo vikiwekwa mgongoni na kuivuta ngozi juu. Wazee wetu walijua kupiga chuku kwa pembe, na ni jambo lile lile. Yapo pia majani makavu, ya mmea wa jamii ya pakanga, ambayo huchomwa moto karibu na ngozi ili kuitia joto. Hayo hayana haja ya kuunguza. Joto likizidi, sema.

Siku ya kwanza

Kula kabla ya kwenda. Mtu aliyetoka zamu ya usiku bila kutia kitu tumboni ndiye anayezimia. Uji au chai na muhogo vinatosha, lakini usiende umeshiba hadi kupumua ni taabu, na usiende umelewa. Vaa nguo pana zinazokunjika hadi juu ya goti na juu ya kiwiko, kwa maana sehemu zinazochomwa mara nyingi ni mikono na miguu hata kama kinachouma ni mgongo.

Mtabibu mzuri atazungumza nawe kabla ya kushika sindano. Atauliza maumivu yalianza lini, kazi yako ni ipi, unalala vipi, unatumia dawa gani. Huenda akatazama ulimi wako na kushika mapigo ya mkono wa kulia na wa kushoto. Hapa ndipo unapotakiwa kusema mambo yote. Mwenye mimba aseme, hata kama ni changa, maana ziko sehemu za mwili ambazo watabibu huziepuka kwa mama mjamzito. Anayemeza dawa za kuzuia damu kuganda aseme. Mwenye ugonjwa wa kutokwa damu kirahisi aseme. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo aseme, kwa sababu watabibu wengine huunganisha sindano na umeme mdogo wa betri, na umeme huo haumfai. Mwenye kisukari aseme, hasa kama miguu imepungua kuhisi, kwa kuwa kidonda kidogo kwake si kidogo.

Wenzetu wa kike wametuuliza kama ni lazima kuvua nguo zote. Hapana. Sehemu inayochomwa hufunuliwa, nyingine hufunikwa. Mama anayechuma chai na kuumwa bega anaweza kutibiwa bila kuvua sketi. Na unayo haki ya kuingia na mwenzako. Mtabibu anayekataa mwenzako asiwemo chumbani, mwache uende zako.

Omba kulala siku ya kwanza, usikae kitini, kwa sababu wageni wengine husikia kizunguzungu, na aliyelala hana pa kuanguka. Sindano ikiingia utasikia mchomo mdogo kama wa siafu, mara nyingine hutasikia kitu. Kisha yaweza kuja uzito, au mwasho wa ndani, au maumivu mazito yanayotambaa kidogo. Watabibu wa Kichina huyatafuta hayo kwa makusudi na husema ndiyo dalili kwamba sindano imefika. Lakini maumivu makali kama umeme, au yanayokua badala ya kutulia, si ya kuvumilia. Mwambie mara moja aitoe. Wafanyakazi wetu wamezoea kuvumilia mno. Chumbani mle uvumilivu haukupi sifa yoyote.

Sindano hubaki mwilini kwa dakika 20 hadi 30. Usijigeuze. Zinapoingizwa, zihesabu, zinapotolewa, zihesabu tena. Si mzaha, wako watu waliovaa nguo na kuelekea mlangoni wakiwa bado na sindano moja nyuma ya bega.

Habari ya usafi wa sindano

Hapa hatutaki kupita haraka. Sindano yoyote inayopenya ngozi ya mtu mmoja kisha ya mwingine inaweza kubeba virusi vya UKIMWI na vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 1984 katika jimbo la Rhode Island huko Marekani, wagonjwa 35 wa mtabibu mmoja wa akupancha waligundulika kuwa na homa ya ini aina ya B. Hiyo ni nchi yenye hospitali kubwa na sheria nyingi. Basi sisi tusijidanganye kwamba ngozi nyembamba ya sindano nyembamba ni kinga.

Sindano nzuri hutoka kiwandani ndani ya pakiti iliyofungwa, iliyosafishwa isiwe na vijidudu, yenye tarehe ya mwisho wa kutumika. Hufunguliwa mbele yako, hutumiwa mara moja, na hutupwa katika kopo gumu lililoandikwa kuwa ni la vitu vya ncha kali. Tazama kwa macho yako mambo matatu: pakiti ikifunguliwa, mtabibu akinawa mikono, na sindano zikianguka katika lile kopo. Ukiona sindano zimelala katika kisahani chenye spiriti, au zimepangwa juu ya kitambaa zikingoja mgonjwa mwingine, inuka. Kuzipitisha kwenye moto wa kibiriti hakutoshi, na spiriti haitoshi. Ukiambiwa kwamba hizi ni sindano zako peke yako, zimewekwa ndani ya bahasha yenye jina lako hadi juma lijalo, inuka vilevile. Bahasha huchanganyika.

Kama sindano ni safi na mkono umefundishwa, hatari ni ndogo. Waingereza mwaka 2001 walitangaza matokeo ya uchunguzi wa matibabu zaidi ya 34,000 yaliyofanywa na watabibu wenye mafunzo, na hawakukuta hata tukio moja kubwa la madhara. Madogo yalikuwapo: kichefuchefu, kuzimia, damu kuvilia chini ya ngozi. Hata hivyo iko ajali moja isiyotokea mara nyingi lakini ni lazima uijue. Sindano iliyochomwa kwa kina kifuani au karibu na bega inaweza kutoboa pafu. Ukitoka huko, na saa chache baadaye au kesho yake ukasikia kifua kinauma unapovuta pumzi, au pumzi zinakatika, usingoje kumrudia mtabibu. Nenda hospitali usiku huo huo, ukawaambie ulichomwa wapi.

Je, zinaponya?

Kwanza tuondoe hadithi moja. Mwaka 1971 mwandishi wa habari wa Marekani, James Reston, alikuwa Beijing akaumwa kidole-tumbo, akapasuliwa. Habari ilipofika kwao watu walianza kusema kwamba Wachina humpasua mtu tumbo kwa sindano tupu bila dawa ya ganzi, na mpaka leo wako wanaoirudia. Reston mwenyewe aliandika vingine. Alipasuliwa kwa dawa za kawaida za ganzi. Sindano zilikuja baadaye, tumbo lilipojaa na kumsumbua, akachomwa kwenye kiwiko na chini ya magoti, na baada ya muda akasikia nafuu. Nafuu ya maumivu na ya tumbo lililojaa ndiyo aliyoisimulia, wala hakusimulia muujiza.

Jaribio tulilolipenda kwa uwazi wake lilifanywa Ujerumani, na matokeo yake yalitangazwa mwaka 2007. Watu 1,162 wenye maumivu ya mgongo ya muda mrefu waligawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza lilichomwa kwa kufuata kanuni za Kichina. Fungu la pili lilichomwa juu juu tu, mahali ambapo kanuni hizo hazisemi pachomwe, na wenyewe hawakujua. Fungu la tatu lilipewa matibabu ya kawaida, yaani dawa, mazoezi na kunyooshwa viungo. Baada ya miezi 6, waliopata nafuu ya kutosha walikuwa 47.6 kwa mia katika fungu la kwanza, 44.2 katika la pili, na 27.4 katika la tatu.

Zisome tarakimu hizo polepole na wenzako. Waliochomwa walipata nafuu kuliko waliopewa dawa na mazoezi, hilo haliwezi kufichwa. Lakini waliochomwa mahali pasipofaa walipata nafuu karibu sawa na waliochomwa mahali panapofaa. Wataalamu wanabishana maana yake: wengine wanasema kuchomwa popote huamsha neva, wengine wanasema ni matumaini ya mgonjwa na muda wa kulala chini akitunzwa na mtu anayemsikiliza. Sisi tunachukua jambo moja la manufaa. Mtabibu akikuambia anastahili malipo mara tatu kwa kuwa yeye peke yake anaijua sehemu ya siri ya mgongo, mwachie sehemu yake ya siri. Na tazama pia kwamba hata katika fungu lililofanikiwa zaidi, zaidi ya nusu ya watu hawakupata nafuu ya kutosha. Anayekuhakikishia kupona anakuuzia asichonacho.

Wakubwa wa tiba nao hawajakubaliana. Waingereza mwaka 2016 waliwaambia madaktari wao wasitoe akupancha kwa maumivu ya kiuno. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2023 juu ya maumivu ya kiuno ya muda mrefu, liliiweka miongoni mwa matibabu yanayoweza kutolewa, pamoja na mazoezi na mafundisho. Mwongozo huo huo ulishauri yasitumike kwa desturi mambo kadhaa, na mojawapo ni mikanda ya kiunoni. Tunalitaja hili kwa sababu tumeona waajiri wanaogawa mikanda kwa wapakizi na kudhani wamemaliza wajibu wao.

Kwa maumivu ya muda mrefu ya mgongo na shingo, kuumwa kichwa mara kwa mara, na goti lililochakaa, basi, yako majaribio yanayoonyesha nafuu kiasi, ingawa juu ya goti na kiuno ubishi ungali mkubwa. Kwa malaria, kifua kikuu, UKIMWI, kisukari na presha, sindano hizi si tiba. Mgonjwa asiache kidonge hata kimoja kwa sababu ya kuanza sindano. Tumesikia habari za watabibu wanaosema dawa za hospitali "huziba njia za chi". Anayeacha dawa za kifua kikuu katikati hujidhuru mwenyewe na kuwadhuru wale wanaolala naye chumba kimoja katika kambi.

Wengine hutujibu: mbona dawa ya malaria tunayomeza sote ilitoka kwa Wachina? Ni kweli. Bibi Tu Youyou na wenzake waliipata mwaka 1972 kutoka katika mmea wa jamii ya pakanga, baada ya kusoma vitabu vya kale, naye akapewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini hawakutwambia tuiamini kwa sababu ni ya kale. Waliipima, wakaipima tena, na wakaanza kwa kuimeza wenyewe.

Maumivu yasiyongoja sindano

Yako maumivu ya mgongo ambayo kuyatuliza ni kuyaficha. Mgongo unaouma pamoja na homa, jasho la usiku na kukonda, katika nchi zetu unaweza kuwa kifua kikuu kilichoingia kwenye uti wa mgongo, na kisipotibiwa mapema huleta kibiongo na kupooza. Mgongo unaouma huku miguu ikilegea, au huku sehemu za kukalia zikifa ganzi, au mkojo ukikataa kutoka au ukitoka bila kujua, ni wa kukimbiza hospitali siku hiyo hiyo. Maumivu ya kifua yanayopanda begani au taya si ya sindano. Baada ya kuanguka kutoka juu ya lori au mti, ni lazima mfupa utazamwe kwanza. Uvimbe usiojulikana ni nini usichomwe.

Kazi na makaratasi

Nenda kwanza zahanati au hospitali, ukaandikwe. Kama maumivu yametokana na kazi, yaandikishwe katika daftari la ajali siku ile ile, na ukatae jibu la kwamba daftari limefungiwa kabatini. Katibu wa tawi aandike naye katika daftari lake: siku, saa, mahali, uzito wa mzigo, na majina ya walioona. Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya Uganda ya mwaka 2000 inahusu madhara yaliyotokana na kazi na yaliyompata mtu akiwa kazini, na madai yana muda wake. Maumivu yaliyonyamazishwa kwa miezi minne ni magumu kuyathibitisha, kama tulivyoona kwa mwenzetu.

Halafu liko jambo la siku za kupumzika. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inampa mfanyakazi aliyetimiza mwezi mmoja wa kazi mfululizo mshahara kamili kwa mwezi wa kwanza wa ugonjwa. Lakini anatakiwa kumwarifu mwajiri mapema iwezekanavyo, na mwajiri akitaka cheti, cheti hicho kitoke kwa daktari anayetambuliwa. Karatasi ya mtabibu wa sindano ambaye si daktari haitakulinda. Kwa hiyo ukitaka kutibiwa kwa sindano katika siku zako za ugonjwa, mwombe daktari wa hospitali akupe cheti kwanza, na umwambie wazi kwamba unakwenda kujaribu akupancha. Wengi hawakatazi.

Kuhusu gharama, usiulize bei ya siku moja. Uliza bei ya duru nzima, kwa maana matibabu ya kawaida huwa mara 6 hadi 10, mara moja au mbili kwa juma, na nauli ya kutoka shambani hadi mjini iingizwe katika hesabu. Mtu aliyechomwa mara 5 au 6 bila kuona tofauti yoyote ana haki ya kuacha. Usilipe zote mbele.

Baada ya kuchomwa watu wengine husikia usingizi mzito au kichwa chepesi, hasa mara ya kwanza. Anayesimamia mashine ya kusuka, anayeendesha trekta, anayekata miwa kwa panga, asiende moja kwa moja kutoka kitandani hadi kazini. Panga siku yako iwe baada ya zamu, si kabla yake. Na yule ambaye maumivu yamepungua asidhani kwamba mgongo umekwisha kupona, akarudi siku hiyo kubeba kama zamani. Nafuu hiyo ni wakati mzuri wa kuanza mazoezi na kutembea.

Juu ya mzigo wenyewe, Mkataba namba 127 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1967, unasema mfanyakazi asilazimishwe wala kuruhusiwa kubeba kwa mikono mzigo ambao kwa uzito wake unaweza kuhatarisha afya au usalama wake. Mapendekezo yaliyofuatana nao yanataja kilo 55 kwa mwanamume mtu mzima, kwamba mizigo inayozidi hapo ipunguzwe haraka, na kwa mwanamke iwe pungufu sana. Gunia la kilo 50 halifiki hapo, na waajiri hupenda kutukumbusha. Wanachosahau ni idadi ya magunia kwa zamu, mwinuko wa ubao, na utelezi wa mvua. Mwenzetu hakuumizwa na kilo 50. Aliumizwa na ubao uliolowa, na ubao ule bado uko pale.

Maswali ya kujadili katika tawi

Daftari la ajali la mahali penu liko wapi, na nani ana ufunguo? Katika wanachama waliokwisha kuchomwa sindano, wangapi walionana na daktari kwanza, na wangapi waliona pakiti ikifunguliwa mbele yao? Mwajiri akisema atawalipia wapakizi gharama za sindano mjini badala ya kununua mkokoteni wa kupandishia magunia, tawi lenu litamjibu nini? Makatibu watuletee majibu kwa maandishi pamoja na taarifa ya mwezi.